Waandishi wa Magazeti na Mapinduzi

Watu wetu wawakumbuka sana wale waliosimama majukwaani zamani za kudai uhuru, na majina yao yamo katika nyimbo, na katika shule na barabara. Lakini wale waliokaa mezani usiku wakiandika karatasi zilizosomwa kesho yake chini ya mwembe, hao wamesahauliwa upesi. Na wakitajwa, hutajwa kwa sifa tu, kana kwamba kila aliyeandika juu ya dhuluma aliandika vema. Sisi tunaofundisha kusoma na kuandika haitupasi kuridhika na hayo. Mwandishi hupimwa kwa maandishi yake, hata ikiwa jambo alilolitetea lilikuwa la haki.

Twataka basi kuyapima magazeti ya siasa ya nchi mbili zilizotengwa na mlango mwembamba wa bahari, Tanganyika na Unguja, tangu mwaka 1957 hata 1964. Nchi ya kwanza ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961 pasipo vita. Ya pili ilipinduliwa kwa panga na bunduki tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya kupewa uhuru, na watu wengi mno wakafa. Lugha yao ilikuwa moja, na mtawala wao alikuwa Mwingereza yule yule. Watu hutoa sababu nyingi za tofauti hiyo, nasi hatuzikatai. Lakini iko moja isiyosemwa mara nyingi, nayo ni namna waandishi walivyoandika. Kipimo chetu ni hiki: mwandishi alipomshitaki mtu mbele ya wasomaji, je, alimtaja kwa tendo lake, au alimtaja kwa kabila lake?

Kwanza tutazame magazeti yenyewe yalitoka wapi. Gazeti la kwanza la Kiswahili, *Msimulizi*, lilipigwa chapa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na waliolitunga ni watu wa misioni yetu. Likafuatwa na *Habari za Mwezi* la Magila. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ikaanzisha *Mambo Leo*, ambalo wazee wengi walijifunza kwalo namna ya kumwandikia mhariri. Hayo yalikuwa magazeti mema kwa kazi yake, lakini yalikuwa ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ama misioni ama Serikali. Mwandishi alikuwa mgeni mezani. Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa na gazeti lake mwenyewe alikuwa Erica Fiah, mtu aliyetoka Buganda akakaa Dar es Salaam. Gazeti lake, *Kwetu*, lilianza mwaka 1937. Fiah hakuwa mtu wa kubembeleza. Aligombana na Serikali, aligombana na wafanya biashara wa Kihindi, na Waafrika wenzake pia hakuwaacha.

Liko jambo moja juu ya usomaji wa siku zile ambalo mtu wa leo aweza kulisahau. Huku kwetu uwandani, ambako hata maji yalichotwa mabondeni kwa mwendo wa saa nyingi, gazeti lilikuwa kitu adimu. Lilipofika, lilipita mikono mingi mpaka likachakaa, na mara nyingi halikusomwa kimya. Mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Basi waandishi wa siasa waliandikia masikio kuliko macho. Na neno la kusikilizwa pamoja na watu lina hatari yake. Mtu asomapo peke yake hupumzika, akarudia mstari, akajiuliza kama ni kweli. Lakini tusi likisomwa barazani, watu hucheka, na aliyecheka pamoja na wenzake hupata shida kurudi nyuma.

Sasa tuje kwa chama cha TANU, kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Tangu mwaka 1957 chama kilitoa kijigazeti kiitwacho *Sauti ya TANU*. Hakikuwa na picha wala matangazo ya biashara. Zilikuwa karatasi zilizopigwa taipu na kunakiliwa kwa mashine. Mtu akikitazama kwa macho tu angekidharau. Lakini kilikuwa na hoja, na hoja hizo zilipangwa kama mwalimu apangavyo somo, hili likibebwa na lile lililotangulia.

Mwezi wa Mei 1958 Nyerere aliandika humo juu ya Mabwana Shauri wawili wa wilaya, akiwashitaki kwa namna walivyotumia mamlaka yao juu ya watu wa chama. Serikali ikamshitaki kwa kosa la kashfa. Wakili mashuhuri, D. N. Pritt, alikuja kutoka Uingereza kumtetea. Mwezi wa Agosti mahakama ya Dar es Salaam ilimwona ana hatia, ikamtoza faini ya pauni 150, ama miezi sita kifungoni. Wako waliotazamia kwamba atachagua gereza ili jina lake likue. Yeye akalipa faini.

Hatusemi kwamba yote aliyoyaandika yalithibitika. Mahakama ilisema sivyo. Lakini tazameni jinsi lilivyoandikwa shitaka lake. Hakusema kwamba Wazungu ni wabaya. Alisema maofisa hawa, katika wilaya hizi, wamefanya mambo haya. Mtu aliyeshitakiwa hivyo aweza kusimama na kujibu, na hakimu ana kitu cha kupima. Hata msikilizaji wa kijijini aweza kuuliza, "Je, Bwana huyo alifanya hivyo kweli?" Na maandishi yanayomruhusu msomaji kuuliza hivyo yamemheshimu, ijapokuwa mwandishi wake ametozwa faini.

Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la *Mwafrika*, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa gerezani kwa kosa la uchochezi. *Mwafrika* lilikuwa kali kuliko *Sauti ya TANU*, na lilipendwa kwa ukali wake. Wala tusijifanye kuwa kila mwandishi wa Tanganyika alikuwa msafi. Wafanya biashara wa Kihindi walitukanwa mara nyingi katika magazeti ya Kiswahili, si kwa mizani ya uongo ya duka fulani, bali kwa kuwa ni Wahindi. Ugonjwa ulikuwako huku pia. Tofauti ni kwamba mwandishi mkubwa wa chama hakuuruhusu utawale. Mwezi wa Oktoba 1961, wajumbe fulani walipotaka uraia wa nchi mpya utolewe kwa rangi ya ngozi, Nyerere aliwapinga Bungeni kwa maneno makali, akasema yu tayari kujiuzulu na serikali yake. Aliyezoea kuandika juu ya matendo hakuona vigumu kusema hivyo.

Na huku Kusini twamkumbuka mwandishi mwingine wa namna hiyo. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968, alikuwa amekwisha kujulikana ulimwenguni kwa kitabu alichokitoa mwaka 1956 juu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Nguvu ya kitabu kile yatokana na kwamba mwandishi alikaa Sophiatown na kuwajua watu ambao nyumba zao zilibomolewa. Alikuwa Mzungu akiishitaki serikali ya Wazungu, na msomaji hawezi kukifunga kitabu akidhani kwamba ngozi ndiyo iliyotenda dhambi.

Unguja mambo yalikwenda njia nyingine. Huko magazeti yalikuwa mengi kuliko Tanganyika kwa kadiri ya udogo wa nchi. Liliko *Mwongozi*, lililoanzishwa mwaka 1942 na Ahmed Seif Kharusi, ambalo baadaye lilikitetea chama cha Hizbu. Liliko *Afrika Kwetu* la Mtoro Rehani, lililowasemea Waafrika, na baadaye *Agozi*, lililokuwa upande wa Afro-Shirazi. Tena vilikuwako vijikaratasi vingine vingi, vya kila chama na kila kundi. Walioandika hawakuwa wahuni. Wengi walikuwa watu wa elimu, na baadhi yao walikuwa waalimu kama sisi. Mwanachuoni Jonathon Glassman wa Marekani aliyasoma magazeti hayo kwa miaka mingi, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2011 ameonyesha kwamba fitina ya makabila haikupanda tu kutoka mashambani. Ilishuka pia kutoka meza za wasomi.

Yafaa tutazame maneno yao, maana sisi sote twayatumia. Waandishi wa *Mwongozi* walipenda sana neno ustaarabu. Ni neno zuri, na hata shuleni twalifundisha. Lakini ndani yake limo jina la Mwarabu, nao walijua. Waliposema Unguja ni nchi ya ustaarabu iliyovamiwa na watu wa bara wasio na ustaarabu, hawakuhitaji kutaja tusi lolote. Tusi lilikwisha kufika. Na neno mgeni, ambalo katika nyumba ya Mswahili ni neno la heshima, likageuzwa kuwa neno la kumfukuza mtu. Mmakonde aliyekwenda Unguja kupalilia mikarafuu, akazaa watoto huko, akazika wazazi huko, alisikia barazani kwamba yeye ni mgeni na ya kuwa kura yake si halali.

Upande wa pili ukajibu, nao haukujibu vema zaidi. *Afrika Kwetu* na *Agozi* yalikumbusha utumwa, tena utumwa ulikuwa kweli, wala hapana mtu wa Kusini asiyejua kwamba misafara ilipita katika nchi hii kwenda Kilwa na Mikindani. Lakini waliukumbusha namna gani? Hawakuandika kwamba mtu fulani katika mwaka fulani aliuza watu. Waliandika kana kwamba kila Mwarabu aliye hai, hata yule Mmanga maskini mwenye kiduka cha mafuta na kibiriti huko shamba, alikuwa ameshika mnyororo mkononi. Dhambi ya waliokufa ikawekwa juu ya jirani. Hapo mshitakiwa hana jibu. Akisema hakutenda, ataambiwa kwamba hakushitakiwa kwa kutenda.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 watu waligomea maduka, na maskwota wakafukuzwa mashambani. Magazeti yakasimulia kila jambo kwa namna ile ile: si Fulani amemfukuza Fulani, bali wao wametufukuza sisi. Tarehe 1 Juni 1961, siku ya uchaguzi, ghasia zikaanza, na watu 68 wakauawa. Walio wengi walikuwa Waarabu, na wengi wa hao walikuwa Wamanga, wenye vijiduka, si mabwana wa mashamba makubwa.

Wako watu watakaotupinga hapa, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema kwamba gazeti ni kioo tu. Ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache, na kura hazikuleta haki. Ni kweli. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, lakini katika viti 31 walipata 13 tu, na Serikali ikashikwa na Hizbu na wenzao. Watu waliotendewa hivyo kukasirika si ajabu. Lakini jambo hilo laeleza kwa nini waliinuka. Halielezi kwa nini alikufa mwuza kibiriti. Yeye hakugawa viti, wala hakuwa na shamba la karafuu. Aliuawa kwa sababu watu walikuwa wamefundishwa kwa miaka saba kulisoma jina la kabila lake kuwa ndilo jina la dhuluma. Hilo halikutoka katika ardhi, lilitoka katika maandishi na katika vinywa vilivyoyarudia.

Alikuwako mwandishi mmoja Unguja aliyetaka kutoka katika mtego huo, naye ni Abdulrahman Babu. Alikuwa katibu wa Hizbu, na kijigazeti chake kiliitwa *Zanews*. Mwaka 1962 alifungwa kwa kosa la uchochezi. Alipotoka alikiacha chama chake akaunda Umma, chama kilichopigwa marufuku siku chache kabla ya mapinduzi. Babu alijaribu kuandika juu ya wenye mali na wasio na mali badala ya Mwarabu na Mwafrika. Hili lilikuwa jaribio jema, nasi twalisifu. Lakini hatudhani kwamba maandishi yake yalifika mbali huko shamba. Yalijaa maneno ya ubeberu na ya mapambano ya dunia nzima, na habari za Uchina. Mchuma karafuu hakuyakuta humo mambo yake: mshahara wake, kibanda chake, na jina la aliyemnyima. Kuepa kutaja kabila hakutoshi, kama tendo lenyewe nalo halikutajwa.

Mapinduzi yalipokuja usiku ule wa Januari, waandishi hawakuwa mbele. Babu mwenyewe alikuwa Dar es Salaam. Asubuhi watu wa Unguja walisikia katika redio sauti ya John Okello, mtu wa Lango katika Uganda, aliyejiita Fildi Mashali, akitoa amri na vitisho vya mauaji vya kupita kiasi. Hakuwa na gazeti lolote. Hakulihitaji, wasikilizaji wake walikuwa wamekwisha kutayarishwa na wengine, wenye Kiswahili fasaha kuliko chake. Mwezi wa Machi wakubwa wapya wakamfukuza katika nchi. Magazeti ya vyama nayo yakaisha, na Serikali ikatoa lake, *Kweupe*. Waliogombana kwa kalamu kwa miaka ile yote, wengine walikuwa maiti, wengine wakimbizi, na walioshinda hawakuwa na pa kuandikia ila kwa idhini.

Miaka thelathini baadaye jambo hilo lilitokea Rwanda kwa ukubwa wa kutisha. Gazeti la *Kangura* la Hassan Ngeze, lililoanza mwaka 1990, na redio ya RTLM, yaliwafundisha watu kumwona Mtutsi kuwa ni adui kwa kuzaliwa kwake. Mahakama iliyokaa Arusha ilimhukumu Ngeze tarehe 3 Desemba 2003 pamoja na wenzake wawili wa redio, na baada ya rufani mwaka 2007 adhabu yake ilikuwa miaka 35. Hapo mahakimu walikubali jambo ambalo wahariri wa Unguja hawakuulizwa kamwe, kwamba mtu aweza kuwa na damu mikononi pasipo kushika panga.

Kwa kuyasikia hayo mtu aweza kusema, Basi heri Serikali iyanyamazishe magazeti, tukae salama. Wako watawala wengi waliosema hivyo. Hata katika Tanzania huru sheria ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifunga gazeti, na sheria iliyoiondoa mwaka 2016 haikuwaridhisha waandishi. Benjamin Mkapa, mtoto wa Masasi hii, alikuwa mhariri wa magazeti ya chama tangu mwaka 1966 kabla ya kuwa Rais mwaka 1995, na mtu aliyekaa viti vyote viwili angeweza kutueleza jinsi kalamu inavyobadilika uzito. Sisi hatukubali dawa hiyo ya kunyamazisha, na sababu yetu haiko mbali. Yaonekana kutoka ukingo wa Newala, ng'ambo ya Ruvuma.

Tarehe 16 Juni 1960, katika mji wa Mueda, juu ya uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, watu wengi walikusanyika mbele ya ofisi ya Wareno. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka upande wa Tanganyika, walikwenda kusema na mtawala juu ya hali ya watu wao. Walikamatwa, watu wakapiga kelele, askari wakapiga bunduki. Ni tendo lililo wazi kama matendo yawezavyo kuwa wazi: mahali panajulikana, saa yajulikana, na aliyetoa amri alikuwa na jina. Lakini katika nchi ya Wareno hapakuwa na gazeti la Mwafrika lililoweza kuandika asubuhi iliyofuata ni nani waliokufa, wa kijiji gani, watoto wa nani. Baadaye FRELIMO walisema waliokufa walizidi 600. Karatasi za Wareno zataja wachache sana kuliko hao. Mpaka leo wanachuoni wabishana juu ya hesabu, na waliozikwa hawana orodha.

Masimulizi ya mtu aliyekuwapo siku ile, Alberto Chipande, yalitoka katika kitabu cha Eduardo Mondlane juu ya vita vya Msumbiji, kilichopigwa chapa mwaka 1969, miaka tisa baada ya tendo. Chipande alikuwa kijana wa uwanda ule, na masimulizi yake hayana mapambo: nani alisimama wapi, nani alisema nini, bunduki zilianza lini. Mondlane mwenyewe hakuishi kuona kitabu hicho kikisomwa na watu. Tarehe 3 Februari mwaka huo, mjini Dar es Salaam, alipokea kwa posta furushi lililokuwa na kitabu, akalifungua, na ndani yake mlikuwa na bomu.